Kutoka Jinja hadi Mbale: Historia ya Tundu Dogo Utosini

Mgonjwa anayetoka Kampala, Masaka au Mbarara kwenda Mbale kwa kawaida huvuka Mto Nile pale Jinja. Akishavuka hupita Iganga, akaiacha njia ya Tororo, akashika barabara ya Tirinyi inayokata mabonde ya mpunga, mpaka Mlima Elgon ujitokeze mbele yake. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 njia hiyo imepitisha maelfu ya akina mama waliobeba watoto ambao vichwa vyao vilikuwa vikikua kuliko miili yao. Wengi walikuwa wamekwisha kuzunguka kwa waganga na zahanati za kwao. Walikuwa wakielekea hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale, ambako ulichipuka upasuaji wa tundu dogo ambao hata madaktari wa Boston na Toronto walilazimika kujifunza. Historia yake ni ya ugonjwa na dawa yake, lakini zaidi ni historia ya mkono wa mpasuaji: unafundishwaje, wapi, na nani anayelipa gharama ya makosa ya mwanafunzi.

Ugonjwa wenyewe huitwa kichwa maji. Ndani ya ubongo wa kila mtu mna vyumba vinne vyenye majimaji maangavu. Tando laini zilizojaa mishipa ya damu huyatengeneza humo humo usiku na mchana, kwa mtu mzima kiasi cha nusu lita kwa siku. Majimaji hayo hupita chumba hadi chumba, hutoka na kuuzunguka ubongo na uti wa mgongo, kisha hurudi kwenye damu. Njia ikiziba, hayana pa kwenda. Kwa mtoto mchanga ambaye mifupa ya fuvu haijaungana, kichwa hutanuka, utosi huvimba, na macho huelekea chini mpaka weupe ukaonekana juu ya mboni. Asipotibiwa, ubongo hubanwa ukawa mwembamba, na wengi hufa. Wanaobaki hai huishi na upofu, degedege au ulemavu wa akili.

Wazo la kuingia katika vyumba hivyo kwa kifaa chenye taa ni la zamani. Mwaka 1910 Victor Lespinasse, daktari wa njia ya mkojo mjini Chicago, alichukua kifaa cha kuchunguzia kibofu cha mkojo, akakiingiza katika vichwa vya watoto wawili na kuzichoma zile tando. Mmoja alikufa baada ya upasuaji, wa pili akaishi miaka mitano. Mwaka 1918 Walter Dandy wa Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore alitangaza matokeo ya kuziondoa tando hizo kwa upasuaji wa wazi, na wengi wa watoto wake walikufa. Mwaka 1923 William Mixter wa Boston alikuja na njia nyingine. Badala ya kupunguza maji, aliyafungulia mlango: kwa kifaa cha njia ya mkojo alitoboa sakafu ya chumba cha tatu cha ubongo wa mtoto wa miezi tisa, majimaji yakapata pa kupitia, na mtoto akapata nafuu.

Hapo ziliwekwa njia zote mbili ambazo Mbale ingekuja kuziunganisha miaka themanini baadaye. Lakini wakati ule vifaa vilikuwa vinene, taa zilikuwa hafifu, na mpasuaji alijifunza juu ya mgonjwa aliyelala mbele yake kwa sababu hapakuwa na pengine pa kujifunzia. Vifo vilipozidi, njia hiyo ikaachwa.

Kilichoipiga kumbo kabisa ni mrija. Mwaka 1955 John Holter, fundi mitambo wa Pennsylvania, alipata mtoto wa kiume, Casey, aliyezaliwa na mgongo wazi na baadaye akapata kichwa maji. Kwa kushirikiana na daktari wa upasuaji Eugene Spitz wa Philadelphia, Holter alibuni valvu ya silikoni inayoruhusu majimaji kwenda upande mmoja tu. Mrija huo, ambao wazazi wengi sasa wanaujua kwa jina la shanti, huanzia ndani ya ubongo, hupita chini ya ngozi ya shingo, na siku hizi huishia tumboni. Uliokoa watoto wengi mno. Endoskopu, yaani kile kifaa chembamba chenye taa na kioo, kikawekwa kando kwa miongo kadhaa.

Shanti ina kasoro ambayo tajiri huistahimili lakini humuua maskini. Huziba, hukatika, huingiwa na vijidudu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1998 na kuongozwa na James Drake wa Toronto, karibu watoto 4 kati ya 10 shanti zao zilishindwa ndani ya mwaka wa kwanza, tena katika hospitali zilizokuwa na kila kitu. Mtoto wa mji mkubwa wa Marekani shanti yake ikiziba usiku, hufanyiwa upasuaji kabla ya kucha. Mtoto wa kijiji cha Kamuli au Kaliro ikiziba usiku, mama yake hungoja pikipiki, kisha basi, kisha nauli, na aliye na nauli hufika siku ya tatu.

Uganda haikuwa ngeni kwa upasuaji wa ubongo. Jovan Kiryabwire, Mganda wa kwanza kuwa bingwa wa fani hiyo, alikuwa ameijenga fani hiyo katika Hospitali ya Mulago. Miaka ya utawala wa Idi Amin na vita vilivyofuata viliidhoofisha kazi hiyo. Kufikia mwaka 2000 mabingwa wa ubongo nchini walikuwa wa kuhesabika kwa vidole, na karibu wote walikuwa Kampala.

Mwaka huo daktari Mmarekani Benjamin Warf, bingwa wa upasuaji wa ubongo wa watoto, alihamia Mbale na mkewe na watoto wao sita. Alikuja kuongoza hospitali mpya ya CURE, shirika la Kikristo lililoanzishwa mwaka 1996 na daktari wa mifupa Scott Harrison, ambalo lilifungua hospitali yake ya kwanza Kijabe, Kenya, mwaka 1998. Mbale haikuwa na jina katika upasuaji wa ubongo, ila ilikuwa na wagonjwa. Vyumba vya kungojea vilijaa akina mama waliofunika vichwa vya watoto wao kwa khanga ili watu wasiwatazame.

Warf aliona mambo mawili mapema. La kwanza ni chanzo. Katika nchi tajiri kichwa maji cha mtoto mchanga hutokana zaidi na kuzaliwa njiti au na kasoro za kuzaliwa nazo. Mbale, kati ya watoto 300 wa mwanzo aliowachunguza, zaidi ya nusu walikuwa wamepata kwanza homa na degedege, maambukizi yaliyofika kwenye ubongo, na mara nyingi ndani ya mwezi wa kwanza wa maisha. Kwa lugha nyingine, sehemu kubwa ya kichwa maji cha Uganda mashariki ni kovu la ugonjwa wa mtoto mchanga. Jambo la pili ni lile la shanti: alijua kila mrija anaouweka ni deni ambalo siku moja litadaiwa, na mdaiwa atakuwa mbali.

Alianza kwa kuuliza kama shanti ya bei nafuu ni mbaya kuliko ya bei ghali. Aliwalinganisha watoto 195: wengine walipewa shanti ya Chhabra inayotengenezwa India, isiyofika dola 50, wengine ile ya Codman-Hakim iliyouzwa kwa mamia ya dola. Baada ya mwaka mmoja hapakuonekana tofauti ya maana. Hilo peke yake lingetosha kuipa Mbale nafasi katika vitabu. Lakini Warf alitaka watoto wasihitaji mrija wowote.

Alirudi kwenye njia ya Mixter, akakuta kizuizi kilichojulikana tangu zamani: kwa watoto walio chini ya mwaka mmoja, kutoboa sakafu ya chumba cha tatu mara nyingi hakutoshi. Ndipo akaiunganisha na njia ya Lespinasse. Kwa endoskopu inayopindika, alitoboa sakafu ili majimaji yapite, kisha katika safari hiyo hiyo akazichoma tando za vyumba vya pembeni ili majimaji yapungue. Mwaka 2005 alichapisha matokeo ya watoto 550. Kwa walio chini ya mwaka mmoja, kutoboa peke yake kulifaulu kwa asilimia 47. Kutoboa pamoja na kuchoma kulifaulu kwa asilimia 66. Kwa watoto wenye mgongo wazi tofauti ilikuwa kubwa zaidi, kutoka asilimia 35 hadi 76. Kufaulu maana yake ni mtoto kurudi nyumbani bila kitu kigeni mwilini na bila kuhitaji kufunguliwa tena.

Ni vyema msomaji aone kazi yenyewe ili aelewe ugumu wa kuifundisha. Mpasuaji hufungua tundu dogo pembeni mwa utosi, upande wa kulia. Endoskopu hupita kwenye ubongo mwembamba na kuingia chumba cha pembeni. Kila kitu sasa kinaonekana kwenye skrini, na jicho haliangalii tena mkono. Mpasuaji hutafuta kijitundu kinachounganisha chumba cha pembeni na kile cha tatu, hupenya bila kuparuza kingo zake, kisha hufika kwenye sakafu. Kwa mtoto mwenye bahati sakafu hiyo ni utando mwembamba unaoonyesha kilicho chini yake. Kilicho chini yake ni mshipa mkubwa wa damu unaolisha shina la ubongo. Tundu likitobolewa milimita chache nyuma ya panapotakiwa, mshipa ukajeruhiwa, mtoto anaweza kufa palepale. Tundu likiwa sawa, endoskopu hurudi nyuma, hupinda, hufuata utando kuanzia mbele hadi nyuma mpaka kwenye pembe za chini, na kuuchoma kidogo kidogo kwa waya wa umeme mpaka unywee na kuwa mweupe. Halafu hutobolewa ukuta wa katikati na kazi hiyo hurudiwa upande wa pili.

Sasa weka juu ya hayo kovu la maambukizi. Sakafu iliyopaswa kuwa angavu imekuwa nene na nyeupe. Alama za njia zimefutika. Usaha wa zamani umejenga kuta mahali pasipo na kuta. Mtoto wa Mbale ndiye mgumu kuliko wote, na ndiye ambaye kila mwanafunzi wa fani hii hana budi kumkabili.

Warf aliwafundisha Waganda kwanza. John Mugamba alisimama pembeni yake, akashika endoskopu chini ya uangalizi wake, na Warf alipoondoka mwaka 2006 ndiye aliyebaki akiongoza kazi ya upasuaji. Mbale haikuyumba, iliendelea kupasua na kuchapisha matokeo. Kisha wakaja wengine kutoka nchi za Afrika na Asia, kila mmoja akikaa wiki kadhaa, akitazama, akishika, akiachiwa hatua moja leo na hatua nyingine kesho. Walirudi kwao na ujuzi, wengi wao na vifaa pia. Ulikuwa uanagenzi wa kale: fundi, mwanafunzi na kazi iliyo mezani. Mwaka 2009 Warf alijiunga na Hospitali ya Watoto ya Boston, na mwaka 2012 akapewa tuzo ya MacArthur. Ujuzi uliopatikana kwa watoto wa Busoga, Bugisu na Teso ukaanza kufundishwa Marekani Kaskazini.

Huko ndiko lilikojitokeza somo ambalo Mbale ililijua kimyakimya. Mwaka 2014 kundi la hospitali za Marekani na Kanada lilichapisha matokeo yao ya mwanzo ya njia ya Mbale kwa watoto 36. Kufaulu kulikuwa kama nusu. Tena waliofaulu zaidi ni wale ambao mpasuaji aliwachoma karibu tando zote, zaidi ya asilimia 90. Aliyeishia njiani, kwa woga au kwa kutojua kuizungusha endoskopu, alipata matokeo ya njiani. Vifaa vyao vilikuwa bora kuliko vya Mbale. Walichopungukiwa ni mkono uliokwisha kupita pale mara mamia.

Mbale yenyewe haikujipendelea. Timu yake, pamoja na Abhaya Kulkarni wa Toronto na Steven Schiff wa Penn State, iliwagawa kwa bahati nasibu watoto 100 wenye kichwa maji cha maambukizi, wote chini ya miezi sita: wengine shanti, wengine endoskopu. Matokeo yalitoka mwaka 2017 katika New England Journal of Medicine. Baada ya mwaka mmoja, akili za watoto wa makundi mawili hazikutofautiana kwa kiwango cha kitakwimu, wala ukubwa wa ubongo wao. Endoskopu ilishindwa kwa asilimia 35 na shanti kwa asilimia 24, tofauti ambayo kitakwimu ingeweza kutokea kwa bahati tu. Kwa mzazi anayeishi mbali, maana yake ni kwamba mtoto anaweza kuepushwa mrija bila kunyimwa akili. Mwaka 2020 timu ya Schiff ikatangaza kumtambua mmoja wa washukiwa wa maambukizi yenyewe, bakteria wa jamii ya Paenibacillus, katika majimaji ya ubongo wa watoto wenye kichwa maji cha aina hiyo.

Wakati Mbale ikifundisha mkono kwa mkono, fani nyingine za upasuaji wa tundu dogo zilikuwa zimepitia moto na kutoka na njia tofauti. Upasuaji wa kuondoa mfuko wa nyongo kwa matundu madogo, alioufanya kwanza Erich Mühe mjini Böblingen, Ujerumani, mwaka 1985, ulienea mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa kasi iliyowapita walimu. Madaktari walihudhuria kozi ya siku mbili tatu, wakarudi kwao na kuanza. Mirija ya nyongo ikakatwa kimakosa kwa wingi usiokuwapo zama za upasuaji wa wazi. Ndipo walimu walipotafuta mahali ambapo kosa halimwagi damu.

Katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, Gerald Fried na wenzake walitengeneza sanduku lenye matundu na kamera, na ndani yake kazi za kupima mkono: kuhamisha vipande kutoka kigingi hadi kigingi, kukata duara kwenye kitambaa, kufunga fundo. Mwaka 2002 watafiti wa Yale waliwagawa madaktari wanafunzi 16: nusu walifanya mazoezi kwanza kwenye kompyuta, nusu walifundishwa kwa desturi ya zamani. Walipoingia chumba cha upasuaji kutenganisha mfuko wa nyongo na ini, waliofanya mazoezi walikuwa na kasi zaidi kwa asilimia 29, na wasiofanya walikuwa na uwezekano mara tano zaidi wa kujeruhi mfuko huo au kuchoma pasipostahili. Miaka michache baadaye bodi ya upasuaji ya Marekani ikaamua kwamba hakuna atakayefuzu upasuaji wa jumla bila kufaulu mtihani uliotokana na lile sanduku la McGill. Mtihani huo haukubaki Marekani Kaskazini. Walimu wa Toronto waliwafundisha wapasuaji wa Botswana kwa intaneti, kila upande ukiwa na sanduku lake, mwalimu akitazama mikono ya mwanafunzi kwenye skrini na kusahihisha palepale.

Upasuaji wa ubongo ulichelewa kwa sababu ubongo si rahisi kuuiga. Mwaka 2015 timu ya Toronto iliyomhusisha Drake, yule yule wa utafiti wa shanti, ilieleza ubongo wa silikoni uliotengenezwa makusudi kwa zoezi la kutoboa sakafu ya chumba cha tatu. Mwanafunzi hutumia endoskopu halisi, hupenya, hutafuta alama, hutoboa. Akikosea, kinachoharibika ni silikoni. Mwaka 2017 Hospitali ya Watoto ya Boston ikaunganisha mashine za kuchapisha maumbo na mafundi wa Hollywood wanaotengeneza miili ya bandia ya filamu, wakapata kichwa cha kijana mwenye kichwa maji kinachofanana na cha kweli kwa ngozi na kwa mguso. Na huko Vietnam, wapasuaji wa Jiji la Ho Chi Minh walifanya njia ya Mbale huku wenzao wa Alabama, Marekani, wakielekeza kwa mikono yao inayoonekana kwenye skrini juu ya picha ya endoskopu.

Ukiziweka hatua hizi pamoja utaona pengo. Bongo za bandia zimeumbwa kwa picha za wagonjwa wa huko zilikotengenezwa. Kichwa cha kijana wa Boston kina sakafu angavu na alama zilizo mahali pake. Mtoto wa miezi mitatu kutoka Nalufenya, ilipo wodi ya watoto ya hospitali ya rufaa ya Jinja, aliyepona maambukizi na kubaki na kovu, si huyo. Mpasuaji aliyezoea silikoni safi akifika kwake atapotea njia, kama walivyoishia njiani wengi wa mwanzo kule Marekani Kaskazini. Mazoezi ya bandia hufundisha mkono, lakini hufundisha mkono kwa ugonjwa ulioigwa, na aliyechagua ugonjwa wa kuiga ndiye aliyeamua mwanafunzi atakuwa tayari kwa mtoto gani.

Mbale ina kitu ambacho Boston na Toronto hazina: picha za vichwa vya watoto wake na video za endoskopu, zenye makovu, kuta za usaha na sakafu nene. Kwa picha hizo unaweza kuchapishwa ubongo wa bandia wa mtoto wa Uganda, mgumu kama alivyo. Chuo Kikuu cha Busitema kina kitivo cha afya mjini Mbale, na chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, ya Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999, kinatahini wapasuaji kutoka Ethiopia hadi Zimbabwe. Sanduku la mazoezi ya matundu madogo hutengenezwa siku hizi kwa boksi, taa na kamera ya simu. Kigumu na cha gharama ni endoskopu na mwalimu, na Mbale inavyo vyote viwili.

Wala mazoezi hayatafuta uanagenzi. Hakuna silikoni inayofundisha uamuzi wa kusimama pale damu inapotia ukungu kwenye kioo, wala namna ya kumweleza mama kwamba safari hii itahitajika shanti. Hayo bado hujifunzwa kando ya fundi. Lakini kuitafuta njia kwa mara ya kwanza, kuizungusha endoskopu mpaka pembe ya nyuma, kutoboa bila kugusa mshipa, hayo yana mahali pengine pa kujifunzwa sasa, na kwa hiyo hatuna tena kisingizio cha mwaka 1910.

Hukumu ya historia hii ni nyepesi kuitamka na ngumu kuitekeleza. Watoto wa Uganda mashariki waliufundisha ulimwengu upasuaji huu kwa miili yao. Wizara ya Afya, vyuo na wafadhili wanaotumia majina ya watoto hao katika ripoti zao wanadaiwa jambo moja: anayetaka kuupata ujuzi huu, awe ametoka Kampala, Kinshasa au Chicago, aharibu kwanza ubongo wa bandia ulioumbwa kwa mfano wa mtoto wa Mbale, mara nyingi kadiri inavyohitajika, ndipo akabidhiwe utosi wa kweli.